Makombo Yasiyosuuzika

"Usiniambie kitu, mzee wangu," nilimwambia Mzee Gwau siku ile ya Jumanne, huku nikimfunga mkanda kiunoni. "Lala tu. Mwili wako utasema wenyewe."

Alikuwa fundi wa mashine za kukamua alizeti, mtu mrefu mwenye makovu ya kuungua mikononi, kofia yake ya kufuma kaishikilia kifuani. Alitaka sana kusema. "Lakini binti yangu, hii kitu inanishika hapa, kwenye chembe cha moyo, halafu nikisha..."

"Maneno baadaye, baba."

Hiyo baadaye haikufika, na mwenye kosa ni mimi.

Niseme kazi yangu kwanza, maana wapo watakaosoma haya wakati mikanda yetu imeshapelekwa makumbusho. Mimi, Elifrida Ntandu, nilikuwa mwonjaji wa maumivu katika hospitali ya pale mlimani, Singida. Mgonjwa anavaa mkanda, mimi navaa pacha wake. Wake unasikiliza mishipa ya fahamu, wangu unayaandika yaleyale kwenye mishipa yangu, mahali palepale, kwa theluthi ya nguvu. Akichomwa nachomwa, akikabwa nakabwa. Madaktari walituhitaji kwa sababu picha inaonyesha kilichopo, haionyeshi kinachouma. Na maneno yetu, jamani, unayajua. Mtu ana kidonda, anasema tumbo. Ana jiwe kwenye figo, tumbo. Kala maharage mabichi, tumbo. Akitaka kufafanua sana atakwambia ni chango. Ndiyo maana tulifundishwa kuwanyamazisha wagonjwa kabla ya kuwaonja, na mimi nilikuwa hodari wa kunyamazisha.

Altrasaundi ya Mzee Gwau ilikuwa imeonyesha mawe matatu kwenye mfuko wa nyongo. Hilo peke yake si habari. Watu kibao wanatembea na mawe ya nyongo mpaka wanazikwa nayo, hayajawahi kuwasumbua hata siku moja. Hayo tunayaita yaliyolala, na yaliyolala hayaguswi. Swali la Daktari Msengi, mpasuaji wetu, lilikuwa moja tu: haya ya mzee yamelala au yameamka? Jibu lilikuwa juu yangu.

Nikabonyeza. Kwanza nikasikia moto mdogo katikati, chini ya kidari, moto wa kinyonge. Kabla sijauonja vizuri yakaja mengine, makubwa. Yalianzia chini ya mbavu za kulia, yakakaza, na badala ya kuja na kuondoka kama msokoto wa tumbo la kawaida yakawa yanapanda tu na kukaa hukohuko juu. Yakatoboa mpaka mgongoni, chini ya bega la kulia. Kichefuchefu kikafuata, jasho likanitoka. Ya namna hiyo nilikuwa nimeyaonja mara mia tatu na zaidi. Nikaandika: mawe ya nyongo, yameamka, apasuliwe.

"Umemaliza?" Mzee Gwau aliuliza. "Hata sijakwambia habari ya chakula."

"Nimemaliza, baba. Pole. Foleni yako imefika, Alhamisi asubuhi watakutoa huo mfuko, na utasahau kabisa."

Akanishukuru, akavaa kofia yake, akaenda.

* * *

Baada ya kila mgonjwa tunasuuza. Mkanda unatuma ishara laini kwa dakika mbili, na mwili unasahau ya mwenzako. Mara chache kitu kinabaki. Unaweza kwenda nyumbani na jino linauma na jino lenyewe ni zima. Mabaki hayo tunayaita makombo, na hakuna mwonjaji asiye na kisa cha makombo yake.

Siku ile nilisuuza mara tatu na bado nilikuwa nimejikunja kwenye kiti.

Zabibu alinikuta hivyo. Zabibu Kitundu ni mwonjaji wa chumba cha pili, alikuwa na mwaka wa pili kazini na mdomo wa miaka ishirini.

"Dada Frida, makombo gani hayo ya saa nzima?"

"Ya Mzee Gwau. Ana mawe mabishi yule."

"Mabishi mpaka yamekuhamia? Au ni zile chipsi mayai za mchana? Maana ulikula sahani yako na nusu ya yangu."

"Wewe bado mchanga kwenye hii kazi," nilimwambia. "Nenda kaonje mafua."

Akaondoka anacheka. Saa mbili baadaye yakaachia yenyewe, ghafla tu, nikawa mzima kabisa. Nilirudi nyumbani nikapika huku naimba.

Hayo yalikuwa makombo yangu ya saba tangu Pasaka, na kila mara nilikuwa na mtu wa kumbebesha. Kwenye harusi ya mdogo wangu, baada ya pilau kushuka vizuri, niliishia nyuma ya nyumba nimeegemea ukuta na gauni langu la sare, namlaani kondakta mmoja wa basi la Babati niliyemwonja siku mbili kabla. Masikini ya Mungu, kondakta wa watu alikuwa na gesi tu. Mdogo wangu alipokuja kuniuliza nina nini, nilimwambia ni mambo ya kazi, akarudi kucheza.

Na asubuhi zote nilikuwa nasoma sifuri. Kila mwonjaji, kabla ya mgonjwa wa kwanza, analala dakika tano na mkanda usio na pacha, ili ijulikane mwili wake umetulia. Kanuni ya nne haina utani: mwenye maumivu yake mwenyewe havai mkanda, na aliyevaa huku anajua havai tena maisha yake yote. Mimi asubuhi nilikuwa nimetulia kama maji mtungini. Sifuri, sifuri, sifuri. Haikunijia akilini kwamba asubuhi huwa nakunywa chai kavu, na mafuta yangu huwa nayala mchana.

Au ilinijia? Nimejiuliza sana. Ningeweza kujipima kwa mkanda ule usio na pacha wakati yananiuma, ni kitendo cha dakika tano. Mara saba, na hata mara moja sikufanya. Mtu asiyejua kitu hakikwepi kwa ustadi wa namna ile.

* * *

Alhamisi niliamka na hamu ya supu. Nikapita kantini ya hospitali, nikala supu ya kongoro na chapati mbili zilizokolea mafuta, nikawa napanda zangu kwenda chumbani kwangu. Njia inapita wodi ya maandalizi. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa mbili na nusu, na upasuaji wa Mzee Gwau ulipangwa saa nne.

Nilimwona nikiwa mlangoni tu. Amekaa ukingoni mwa kitanda na joho la kijani, amejipinda, ngumi ameikandamiza chini ya kidari. Nikaingia kumpa moyo. Nilikuwa najisikia mtu mwema asubuhi ile.

"Vumilia, baba. Bado saa moja na nusu tu."

"Siyo upasuaji unaonitesa, binti yangu," alisema. "Ni njaa. Wamenikataza kula tangu jana jioni. Sasa hii kitu yangu ndiyo hivyo, tumbo likiwa tupu inanila. Nikipata hata kipande cha muhogo inatulia. Nilitaka kukwambia juzi."

Mwenye mawe yaliyoamka chakula kinamchokoza, na cha mafuta ndiyo kabisa. Sijawahi kuonja nyongo iliyotulizwa na muhogo.

"Na bega?" nikamuuliza.

"Bega gani?"

"La kulia. Maumivu yakipanda, hayaendi mgongoni, chini ya bega?"

Mzee Gwau akalitazama bega lake, kisha akanitazama mimi kwa huruma, kama vile nimechoka na kazi. "Bega langu halina shida, mwanangu. Kwani limefanya nini?"

Ndipo nilipojua. Nakumbuka nilishika chuma cha kitanda chake. Ule moto mdogo wa kinyonge niliousikia kwanza ndio uliokuwa wake. Kidonda cha tumbo, kinachowaka tumbo likiwa tupu. Yale makubwa yaliyoufunika, ya mbavu na bega na jasho, hayakupita kwenye mkanda wowote. Yalikuwa yangu. Mawe yake matatu yalikuwa yamelala usingizi wao, na yeye anakwenda kufunguliwa kwa ajili ya tumbo langu. Kidonda chenyewe wangekiacha ndani kiendelee kula, hadi siku kitakapotoboka.

"Umebadilika rangi," Mzee Gwau alisema. "Kaa basi."

"Nakuja, baba," nikamwambia, nikatoka.

* * *

Kwenye korido nikapata wazo zuri mno. Ningemwambia Daktari Msengi mkanda ulikuwa na hitilafu Jumanne. Maneno hayo tu. Mikanda huharibika, fundi angeuangalia aseme hajaona kitu, Zabibu angemwonja mzee upya, mzee angepona, na mimi ningebaki Dada Frida yuleyule ambaye madaktari wanamfuata mpaka kantini kumuuliza. Miaka kumi na moja. Sijasomea kitu kingine, na sikutaka kuwa kitu kingine. Uongo ule ungemwokoa yeye na ungeniokoa mimi, na nikawa nimeshauandaa kabisa mdomoni.

Halafu nikaanza kukumbuka makombo mengine. Ya harusini hayakuwa na mgonjwa. Lakini mara mbili nyingine yalinishika ndani ya mkanda, na mara zote mbili picha ilikuwa na mawe, na mara zote mbili niliandika yameamka. Mwalimu mmoja wa sekondari. Na mama mmoja wa Itigi. Nikisema mkanda uliharibika Jumanne, hao wawili hakuna atakayewatafuta. Nilisimama pale nikitafuta uongo mwingine unaowatosha wote watatu. Haukupatikana, na kusema kweli niliutafuta.

Daktari Msengi nilimkuta ananawa mikono. Ni mtu mkavu, ukimsalimia anaitikia baada ya kufikiri.

"Shikamoo, daktari. Usimpasue Mzee Gwau."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Nilichokionja si chake. Ni changu. Nina maumivu yangu tangu Pasaka na nimekuwa navaa mkanda."

Akafunga maji. "Unajua ulichokisema?"

"Najua kanuni ya nne, daktari. Na wapo wengine wawili, nitakuandikia majina."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alijifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja, akasema, "Aitwe Zabibu."

Zabibu akaja, akamwonja Mzee Gwau mbele yetu, kitandani kwake. Alifumba macho. "Moto," alisema. "Katikati, chini ya kidari. Mbavu zimetulia. Begani hakuna kitu."

"Mpeni uji," Daktari Msengi akasema.

"Si nimekatazwa?" Mzee Gwau aliuliza.

"Nimekuruhusu mimi."

Kikaletwa kikombe cha uji wa ulezi. Mzee alikunywa kwa adabu mwanzoni, kisha adabu ikamshinda akakishika kwa mikono miwili. Sisi tukawa tunautazama uso wa Zabibu. Muda ukapita, na mabega yake yakaanza kushuka. "Unazimika," alisema. "Unazimika, daktari."

Nilitaka kumshukuru Mungu kwa sauti, lakini nilishindwa kunyooka. Supu ya kongoro ilikuwa imefika.

* * *

Walinilaza kwenye chumba changu mwenyewe, kwenye kitanda cha wagonjwa wangu. Zabibu alinifunga mkanda kiunoni. Kutoka upande ule unaonekana mpana zaidi.

"Kwanza nikwambie inavyo..." nilianza.

"Maneno baadaye, dada," akasema, na tukacheka wote wawili, mimi kwa shida.

Akabonyeza. Nikaona midomo yake inakaza. Mkono ukaenda wenyewe chini ya mbavu za kulia, halafu akazungusha bega kama anayetaka kuondoa mwiba mgongoni. Nilidhani atazima, ameshajua, kuyatambua mawe ni sekunde chache. Badala yake alifika kwenye kitufe cha nguvu akakipandisha kutoka theluthi mpaka nzima, jambo ambalo haturuhusiwi.

"Zabibu, zima."

Hakuzima. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kulia. "Dada Frida," alisema taratibu. "Na hii ulikuwa unakuja nayo kazini? Ulikuwa unanitania huku unayo?"

Hapo nami nikalia. Maumivu yalikuwa yaleyale, wala hayakupungua hata chembe, lakini nilijisikia nafuu ambayo sikuwahi kuipata kwenye kusuuza kokote. Kwa mara ya kwanza tangu Pasaka nilikuwa na mwenzangu ndani yake. Na yalikuwa na jina. Sikuwa nimelogwa wala sikuwa nimechoka akili, na makombo ya watu elfu hayakuwa yamenijaa mwilini. Nilikuwa na mawe kwenye nyongo kama mtu yeyote. Altrasaundi ilionyesha manne, na Daktari Msengi aliyahesabu mara mbili kwa furaha ya kimyakimya, kwa sababu sasa kila kitu kilikuwa kinaeleweka.

* * *

Mkanda nilivuliwa siku ileile. Sikubishana.

Mwalimu wa sekondari, aliyekuwa bado kwenye foleni, alionjwa upya, na mawe yake yalikuwa yameamka kweli, kwa hiyo hapo niliponea. Mama wa Itigi alikuwa ameshapasuliwa wiki tatu nyuma, na tulipompigia simu tumbo lake lilikuwa bado linamuuma vilevile. Nilikwenda kwake mwenyewe kumwambia. Alinisikiliza amesimama mlangoni, akaniuliza kama nimemaliza, akafunga mlango. Sikumlaumu na simlaumu. Alipona baadaye, tatizo lake lilikuwa kongosho, na salamu zangu hazijibu mpaka leo.

Foleni ya upasuaji ilikuwa wiki sita, na mwenye kosa hapitishwi mbele. Nikajifunza kuishi nayo. Chukuchuku isiyo na mafuta nyumbani, mboga bila kukaangwa, kuku bila ngozi, na chakula kwa saa yake, maana kukaa na njaa siku nzima kisha kula sahani ya harusi ndiko kulikokuwa ugonjwa wangu hasa. Daktari Msengi aliniambia mambo matatu ya kunikimbiza hospitali bila kusubiri: nikipata homa, macho yakiwa ya njano, au yakinishika saa nyingi na hayaachii. Niliyabandika mlangoni mwa friji. Yalinirudia mara mbili. Mara zote nilikaa chini, nikayatazama yanavyopanda, nikasema haya, ni nyinyi, nawajua. Hofu ilikuwa imekwisha, na nusu ya maumivu yale ilikuwa hofu.

Kazini walinipa kiti na meza kwenye korido. Daktari Msengi alikuwa ameagiza kwamba kuanzia sasa, kabla ya mkanda, kila mgonjwa aseme dakika tano na awepo mtu wa kumsikiliza bila kumkatisha. Zabibu aliona kuniweka mimi pale ni adhabu iliyofikiriwa vizuri. Siku za kwanza nilikuwa nakalia mikono yangu ili nisimwonyeshe mtu anyamaze. Walikuja wenye tumbo, wenye chango, wenye vitu vinavyopanda na kushuka. Ukiwaacha, wanafika. Kuna mama alizungumza habari za mbuzi dakika nne, na ya tano akasema kila anapobeba ndoo kuna kitu kinachomoza kinenani.

Wiki ya tano akaja Mzee Gwau kuangaliwa kidonda chake. Alikuwa amenenepa. Akakaa mbele yangu, na mimi nikafungua daftari kama kawaida.

"Karibu, baba. Unaumwa wapi?"

"Mimi sasa sina neno," alisema. "Dawa zimenikubali, muhogo nakula kwa kupenda tu." Akanitazama kidogo. Nilikuwa na maumivu yangu asubuhi ile, madogo, na nilidhani nimeyaficha. "Wewe je, binti yangu? Unaumwa wapi?"

Miaka kumi na moja nilikuwa nimekaa katika vyumba vile, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza. Nikaanza kusema si kitu. Kisha nikafunga daftari.

"Hapa, baba," nikasema, nikaweka mkono chini ya mbavu za kulia. "Huanza hapa. Halafu yanapanda."

"Pole sana," akasema Mzee Gwau. Akavua kofia yake, akaiweka magotini, akasubiri nimalize.